Upande wa Kushoto wa Kifaru

Karakanani walimwita Nane, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wake wa kushoto vilikatwa na presi miaka saba iliyopita, na jina hilo alijipa mwenyewe siku aliyorudi kazini, kabla wenzake hawajapata nafasi ya kumtafutia baya zaidi. "Mimi nahesabu mpaka nane tu," aliwaambia. "Anayetaka kumi akaulize kwingine." Watu wakacheka, mambo yakaisha.

Presi nayo ilikuwa na jina. Waliiita Kifaru. Ilikuwa mashine nzito ya chuma, mdomo wake wazi mbele na ubavuni, kazi yake kukata bati kuwa mabapa ya bawaba za milango. Gurudumu lake kubwa lilizunguka kutwa nzima. Mtu akikanyaga pedali, pini inaingia kwenye gurudumu, nyundo inashuka mara moja, twa, kisha inarudi juu. Bapa linadondokea nyuma, mabaki ya bati yanateleza kutokea upande wa kushoto.

Baada ya ajali, Meneja, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alimtoa Nane kwenye mashine akampeleka kusomea uchoraji wa kompyuta. Nane alikwenda shingo upande, akarudi hashikiki. Sasa alikuwa na ofisi yake, chumba cha vioo juu ya ngazi, ambamo aliiona karakana nzima kama aliyepanda juu ya paa. Na aliyekalia kiti cha Kifaru alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, baba wa mapacha, mdomo wake haupumziki kama cherehani.

Mwanzoni mwa mwezi alikuja mkaguzi wa usalama. Alizunguka, akaandika, akasimama mbele ya Kifaru kwa muda mrefu, akatikisa kichwa. Alipoondoka, Meneja alipanda ngazi hadi kwa Nane akiwa na faili mkononi.

"Tumepewa siku arobaini kumwekea Kifaru kinga," alisema. "Ama sivyo tumfunge. Nimetoa ripoti ya ajali yako. Umeandika hapa mkono uliingia kwa mbele."

"Ndiyo, mama."

"Basi nitengenezee kinga ya mbele. Wewe ndiye unayemjua huyu mnyama kuliko sisi sote."

Nane aliitikia, akaitazama ile karatasi ikirudi kwenye faili. Kisha akafungua kompyuta.

Wazo lake lilikuwa zuri. Lango la wavu wa chuma lingening'inia mbele ya mdomo wa Kifaru. Ukikanyaga pedali, kwanza lango linashuka. Likifika chini kabisa ndipo pini inaruhusiwa kuingia kwenye gurudumu. Mkono ukiwa mdomoni, lango linaukuta, linasimama hapohapo, na pini haiendi popote. Kanyaga utakavyo, nyundo haishuki.

Alishuka na daftari na vernia, kile kipimo cha taya cha kupimia unene wa chuma, akampima Kifaru kipande kwa kipande, akarudi juu kuvichora. Kuchora kila kipande peke yake si kazi ngumu. Kazi ni kuvifundisha kwenda. Ndani ya kompyuta, vyuma havijui lolote: usipokiambia kipande hiki kizunguke na kile kiteleze, vinaelea tu kama maboga kwenye maji. Nane aliviunga kimoja kimoja. Gurudumu lizunguke kwenye ekseli yake. Nyundo ipande na kushuka, isiende kando. Mkono wa pedali uvute ufito wa chuma, ufito uvute lango. Shemeji yake alipanda kumtazama wakati wa mapumziko, siku ileile Nane alipokuwa amesahau kukiambia kiwiliwili cha mashine kitulie. Alipobonyeza, gurudumu lilisimama tuli na Kifaru mzima akaanza kulizunguka, miguu juu.

"Loo! Shemeji!" yule bwana alishika mbavu. "Mnyama wako amelewa!"

"Nipe mkono wako," Nane alimwambia.

"Unataka kunichumbia? Dada anajua?"

"Nataka kuupima. Wangu hautoshi."

Alimpima upana wa kiganja, unene wa kifundo, urefu wa kila kidole, na wa mkono wote kutoka kwenye kucha hadi kwenye kiwiko. Akauchora ndani ya kompyuta, mkono wa kijivu wenye vidole vitano vya pembe nne kama vibao. Haukuwa wa kupendeza, lakini vipimo vyake vilikuwa kamili. Akauingiza kwa mbele, akakanyaga pedali ya kwenye picha, akalitazama lango likishuka taratibu, likagusa juu ya kifundo, likakoma. Pini ilibaki pale ilipokuwa. Nane aliirudisha picha nyuma na mbele, hatua kwa hatua, akahakikisha: hata lango likiwa limebakiza upana wa penseli, nyundo haisogei.

Meneja alipoonyeshwa, aliinama akatazama mara tatu. Mara ya nne akasema, "Vizuri." Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba. Fundi wa kuchomelea akaambiwa aanze kukata vyuma Jumatatu.

Jumamosi mchana mkewe Nane alipita kumchukua; walikuwa wamealikwa chakula kwa mama mkwe kesho yake, na kulikuwa na vitu vya kununua. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa macho makali, mtu ambaye huona mshono uliopinda kutoka ng'ambo ya barabara. Alipanda ngazi, akavuta kiti.

"Ndiyo hii uliyoisifia wiki nzima? Hebu nione."

Nane aliicheza. Mkono ukaingia, lango likashuka, likakoma. Mkewe alitabasamu.

"Mashallah. Inageuka?"

"Inageuka kila upande. Hii hapa."

Aliizungusha. Mgongo wa Kifaru ukapita, kisha ubavu wa kulia aliokwisha uziba kwa wavu, kisha wa kushoto. Wa kushoto ulikuwa wazi, kwa sababu ya mabaki. Tabasamu la mkewe liliondoka polepole.

"Na huku?"

"Huko ndiko mabaki yanakotokea. Hapapitishwi mkono."

"Baba watoto."

"Kuna tangazo ukutani, mama watoto. Nililibandika mwenyewe, zamani. Hakuna anayeruhusiwa."

"Wewe ulipitisha wapi?"

Nane aliizungusha picha irudi mbele. Mkewe alikuwa mtu pekee duniani aliyejua. Siku ile bati lilikwama, na Nane, wakati huo msimamizi wa zamu, alinyoosha mkono kwa ubavu wa kushoto kulichomoa, mguu ukiwa umesahaulika juu ya pedali. Wiki mbili kabla yake alikuwa amemrudisha mtu nyumbani kwa kosa hilohilo, mbele ya wote, na maneno makali juu. Alipoletewa fomu hospitalini, mkono ukiwa umefungwa bandeji kama mtoto mchanga, aliandika "mbele". Neno moja tu. Aliona litamwokoa na aibu, na kweli lilimwokoa.

"Mficha maradhi," mkewe alianza.

"Usimalizie," Nane alisema, akazima kompyuta. "Twende sokoni."

Walikwenda, yeye na kikapu, mkewe na orodha.

Kwa mama mkwe, Jumapili, nyumba ilijaa. Mapacha wa shemeji walikuwa wakipanda magotini mwa baba yao na kushuka, wakimvuta vidole, mmoja kila mkono. Mama mkwe aliuliza habari za kazi, na shemeji hakungoja aliyeulizwa.

"Kazi nzuri, mama! Shemeji ananijengea mlango. Nitakuwa nabisha hodi kabla ya kukata bati." Watu wakacheka. "Lakini hautanichelewesha. Bati likikwama siku hizi nalitoa kwa kushoto. Sekunde moja tu, fyu! Hata mashine haijui."

Nane alikuwa na tonge mkononi. Alilirudisha sahanini.

"Tangu lini unatoa kwa kushoto?"

"Aa, sote tunatoa kwa kushoto, shemeji. Wewe ulifanya kosa la kuingiza kwa mbele." Alisema kwa upole kabisa, kama anayemfariji.

Upande wa pili wa mkeka mkewe alimtazama mara moja, kisha akaendelea kumpakulia mama yake. Nane aliomba maji ya kunawa.

Jumatatu alifika ofisini wa kwanza. Hakuwasha hata feni. Aliufungua mchoro, akaushika ule mkono wa kijivu, akauzungushia ubavuni, akauingiza kwa kushoto mpaka chini ya nyundo. Miaka saba hakuwahi kuiona picha ile kutoka nje; alikuwa ameiona kutoka ndani tu, na kwa nusu sekunde. Kidole chake kilikaa juu ya kipanya kwa muda. Kisha akabonyeza.

Lango lilishuka vizuri sana. Lilifika chini kabisa, halikukuta kitu. Pini ikaingia. Nyundo ikashuka, na pale ilipopita kwenye vidole, kompyuta ikapaka rangi nyekundu, kama ilivyofundishwa kufanya vyuma viwili vinapogombea nafasi moja. Vidole viwili vya mwisho.

Kinga yake ilikuwa imefanya kazi bila kosa hata moja, na mkono umekatika.

Alikaa mpaka aliposikia viatu vya Meneja chini. Ndipo aliposhuka, akamfuata ofisini kwake, akafunga mlango.

"Mama, ile ripoti niliandika uongo."

Meneja alikuwa akivua koti. Alilivua lote, akalitundika, akakaa. "Ipi?"

"Ya mkono wangu. Haukuingia kwa mbele. Uliingia kwa kushoto. Niliona haya, kwa kuwa nilikuwa nimemwadhibu mtu kwa jambo hilo. Kinga niliyokuchorea haiwezi kumwokoa mtu anayeingiza mkono kwa kushoto. Na wote wanaingiza kwa kushoto. Mpaka leo."

Alitegemea kufokewa. Alikuwa amejiandaa hata kufukuzwa. Njiani asubuhi ile alikuwa amekwisha panga maneno ya kumwambia mkewe. Meneja aliivuta ile faili, akaifungua kwenye ripoti. Nje, mtu aliwasha redio, mwingine akamwambia apunguze.

"Miaka saba," Meneja alisema, "upande ule umekaa wazi kwa neno moja."

"Ndiyo."

"Ningelijua, ningeuziba wiki ileile."

"Najua, mama."

"Hilo nitakukasirikia, lakini si leo. Leo sina nafasi." Alisimama. "Nenda ukamzime Kifaru. Hakuna bawaba inayokatwa hapa mpaka unichoree kinga ya pande zote. Siku ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Chukua kumi."

Nane alitoka kama mtu aliyetua gunia alilolibeba mpaka akasahau kwamba amelibeba. Alivuta swichi kuu. Gurudumu lilizunguka, likapungua, likasimama. Shemeji yake aligeuka kwenye kiti, glavu moja imevaliwa, nyingine bado.

"Kulikoni?"

Nane alimweleza palepale, waziwazi, mbele ya fundi wa kuchomelea na mtunza stoo. Alipomaliza, mtunza stoo alizima redio. Shemeji alivua glavu.

"Kumbe ni kwa kushoto," alisema.

"Ni kwa kushoto."

"Na mimi jana nimekutangazia mbele ya mama kwamba ulikosea njia." Alijikuna shingo. Kwa mara ya kwanza tangu amwoe dada yake, Nane alimwona hana la kusema. Kisha akalipata. "Sasa umekaa unafanya nini huku chini? Panda juu ukachore!"

Zilikuwa siku kumi ngumu na nzuri. Nane alikula mezani pake na mkewe akamletea chupa ya chai. Mabaki ya bati lazima yatoke, mkono lazima usiingie. Aliyachorea mfereji mrefu wa bati, mwembamba, wenye kona, ili vipande viteleze lakini kiwiko kisipite. Aliujaribu kwa ule mkono wa kijivu, kisha akamwita mtunza stoo, aliyeitwa Mlingoti kwa sababu alifika rafu ya juu bila ngazi, akampima yeye, akamchora mkono wake pia. Hata wa Mlingoti ulikoma kwenye kona.

Lakini bati litakwama tu. Hilo hakutaka kujidanganya. Kwa hiyo alikata kidirisha ubavuni, cha kufunguliwa na kufungwa, akakiunga na pini ileile. Kidirisha kikiwa wazi, hata upana wa kidole, komeo linaikamata pini na pedali inakanyaga hewa. Siku ya sita viungo vyote vilikabana kwenye kompyuta, hakuna kilichokubali kusogea. Alivikagua kutwa nzima. Kumbe ufito mmoja alikuwa ameufunga pande zote mbili bila kuuachia nafasi ya kuteleza. Alipouchonga tundu refu badala ya la duara, mashine yote ilishusha pumzi, na yeye pia.

Aliingiza mkono kwa mbele, kwa kushoto, kwa kulia, kwa chini, kwa nyuma. Aliingiza mikono miwili. Meneja alikuja akaketi karibu naye safari hii, akawa ndiye anayesema, "Sasa jaribu hapa. Na hapa." Hakuna mahali popote palipogeuka pekundu.

Siku ya kumi na tisa baada ya ile Jumatatu, kinga ilikuwa imechomelewa, imepakwa rangi ya manjano, imefungwa. Walijaribu kwa fimbo ya mbao: mbele, ubavuni, dirisha wazi nusu. Fimbo ilitoka nzima kila mara. Mkaguzi alirudi, akajaribu kwa kalamu yake mwenyewe, akatia sahihi.

Ilikuwa Alhamisi, kazi imekwisha rudi kwenye mwendo wake, Nane ameshuka kuchukua vipimo vya mashine nyingine, pale alipomwona shemeji yake. Bati lilikwama. Shemeji, akimsimulia fundi wa kuchomelea habari ya mechi, alifungua kidirisha bila kutazama, akapeleka mkono ndani. Na mguu wake, kwa mazoea ya miaka mitatu, ukashuka juu ya pedali.

Nane aliona mguu ukienda. Alianza kukimbia.

Pedali iligonga sakafu. Tak. Gurudumu liliendelea kuzunguka kama ambalo halikuambiwa kitu. Nyundo ilikaa juu.

Shemeji aliutazama mguu wake. Akautazama mkono wake, uliokuwa bado umeshika kile kipande cha bati. Aliutoa polepole, akakunja vidole, akavikunjua, akavihesabu kwa macho. Kisha akakaa chini sakafuni, hivihivi, juu ya mafuta na vumbi la chuma.

"Shemeji," aliita, ingawa Nane alikuwa keshafika na kumshika bega. "Shemeji, niletee maji."

Fundi wa kuchomelea ndiye aliyekimbilia maji. Nane naye alikaa chini. Walikaa bega kwa bega, migongo yao kwenye ubavu wa Kifaru, na shemeji akaanza kucheka, kicheko chembamba kisicho na pumzi, huku machozi yanamtoka. Nane alimkumbatia kichwa akakibana kifuani, kama anavyofanyiwa mtoto aliyeanguka.

"Ningewabebaje mapacha?" yule alisema ndani ya shati lake. "Wote wawili. Ningewabebaje?"

"Utawabeba."

"Wamekuwa wazito, shemeji."

"Utawabeba hivyohivyo."

Meneja alikuja, akasimama juu yao na kikombe mkononi. Aliangalia kidirisha kilicho wazi, pedali, nyundo. Hakuna aliyelazimika kumweleza. Alimpa shemeji kikombe chake mwenyewe cha chai, akawaambia waende nyumbani wote wawili, na alipokuwa akiondoka, Nane alimwona akiigusa kinga ile ya manjano, mara moja, kwa kiganja.

Nyumbani jua lilikuwa bado kali. Mkewe alikuwa kwenye cherehani, gauni la mtu limejaa magotini. Nane alimweleza akiwa amesimama mlangoni. Alipofika kwenye pedali, mkewe alisimamisha gurudumu la cherehani kwa mkono, akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na maji. Aliondoka kwenye kiti, akaja akamshika mume wake mashavu.

Kisha akachukua simu, akampigia mdogo wake.

"Wewe! Nani alikufundisha kuongelea mpira kazini?" Alianza hapo, akaenda mbali, akapita kwenye habari za mguu, za macho, za akili, za marehemu baba yao angesema nini. Kila alipovuta pumzi, kutoka kwenye simu ilisikika sauti ndogo: ndiyo dada, ndiyo dada.

Nane alivua viatu, akajinyoosha kwenye kochi, akaweka mkono juu ya macho kuzuia mwanga. Usingizi ulimchukua kabla ya yule bwana kusamehewa.